Kutoka Chamazi Hadi Ubungo, Kutafuta wa Kumcheka Marehemu

Mwanahawa, na wewe Mama Sijali, na nyie wengine mnaokuja barazani kwangu mkijifanya mmekuja kuomba moto: mmeniuliza vya kutosha. Tangu nirudi kila mtu anataka kujua nilikuwa wapi siku zote zile, na kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu kumi na mmoja, wote wazima na wawili wako skuli, alijifunga kanga kiunoni akaondoka peke yake katikati ya masika. Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu nimwambie mguu na yule nimwambie kichwa. Nimekaa nikaandika. Herufi hizi nilifundishwa na marehemu mume wangu kwa kipande cha mkaa sakafuni, basi zikienda upande mzivumilie. Wasiojua kusoma, Mwanahawa atawasomea, na asiruke pale anapotajwa.

Chamazi, kabla sijaondoka

Mdogo wangu Mwantumu alikufa Jumatatu akazikwa Jumatatu hiyo hiyo. Kaburi lilichimbwa, maiti ikasaliwa, wali ukapikwa. Sina ninalolalamikia kwa jirani yeyote. Lakini msiba ule ulikuwa mkavu kama muhogo uliosahaulika juani.

Wiki mbili kabla yake alizikwa Mzee Pazi, Mzaramo wa kuzaliwa, na Wanyamwezi watani wake wakaja kutoka huko walikokuwa bila kuitwa. Mmoja akavaa kanzu ya marehemu, akakohoa kikohozi chake, akawaita wake zake kwa sauti ile ile ya puani. Mwingine akamkamata jogoo wa wafiwa akasema huyu ndiye mrithi. Hata mjane mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia vizuri, kilio cha kushiba. Kwa Mwantumu hakuna aliyekohoa. Watu walikaa, wakatazama mikeka.

Ndipo Mwanahawa, tena wewe, usikatae, ukanisogelea jikoni ukaniuliza, "Dada, watani wenu wako wapi?"

"Sie watu wa hapa hapa," nikakujibu.

"Hapa hapa ni wapi? Wazaramo tunajuana. Nyie hasa ni kina nani?"

Nikaendelea kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa. Ukweli ni kwamba sikujua. Maisha yangu yote nikiwa na Wazaramo nimejiita Mzaramo, nikiwa na Washomvi nimejiita Mshomvi, na midomo haikunitetemeka. Mama yetu aliletwa pwani mtoto, kwa miguu, amefungwa kamba na wenzake, enzi za kuuzwa watu. Zafarani ni jina alilopewa na aliyemnunua. La kwake la kwanza hakulisema mpaka anakufa. Ukimuuliza, "Mama, kwenu wapi?" anaelekeza kidevu kule jua linakozama, anasema, "Huko," na mkono haachi kazi.

Kitu kimoja tu alituachia. Alitufundisha kulima kwa mashimo. Mnayajua mashimo yetu, mmeyacheka miaka mingi. Mmoja anakata nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, kama kitambaa cha mirabamiraba. Mwingine anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, pakawa na shimo na kingo zake, na mbegu zinakwenda kwenye kingo. Mwantumu alilaza, mie nikafukia. Tangu tukiwa wasichana. Ni kazi ya watu wawili, na baada ya Jumatatu ile nikabaki mmoja.

Basi nikasema, kabla ya arobaini ya mdogo wangu nitampata mtani. Mmoja ananitosha, aje amcheke kwa haki. Na mtani humpati mpaka ujue kabila lako. Zilikuwa zimebaki siku kumi na sita.

Chamazi mpaka Temeke

Nilidhani nitatembea mpaka Mbagala kisha nipate chombo. Mvua ikanipata njiani. Likaja lori la mkaa, dereva akanionea huruma akanipandisha juu ya magunia pamoja na vibarua wawili, tukafunikwa turubai moja. Kufika mteremko wa Mbagala, lori likaingia matopeni mpaka kwenye vyuma. Hapo tulikaa kuanzia asubuhi mpaka alasiri.

Vibarua hawakuwa na la kufanya ila kunitazama mie. Nikaona nianzie hapo hapo kazi yangu. Nikawaambia, "Wanangu, nitazameni vizuri usoni. Mie kabila gani?"

"Bibi Mmakonde," akasema wa kwanza bila hata kufikiri.

"Mmakonde na ndonya ya mdomoni iko wapi? Huyu Myao. Tazama paji la uso."

"Paji la uso lina nini?"

"Si paji la Kiyao hilo!"

"We Myao umemwona wapi?"

Dereva naye akaja, amelowa mpaka kope, akasema mie Mnyasa, maana mke wa mjomba wake alikuwa Mnyasa mwenye maneno kama yangu. Wakabishana karibu kupigana. Wakanigeuza huku na huku kama samaki wa mnada. Mwisho wakaniuliza nani kashinda, nikawaambia hata mie sijui, nilikuwa nauliza kweli. Mtu mzima asiyejua kabila lake ni kama mtu mzima asiyejua jina lake, watu wanaona haya kwa niaba yake. Yule wa kwanza akanimegea muhogo wake wa kuchoma, kipande kikubwa kuliko chake, na tangu hapo hakunitazama tena.

Nilifika Temeke jioni, mweusi kwa mkaa na maji. Niliomba maji ya kunawa kisimani kwa mwanamke nisiyemjua, akanimwagia ndoo tatu, akanipa pa kulala sebuleni kwake, na asubuhi akanipa chai ya tangawizi. Hakuniuliza kabila. Nilitamani aniulize, niuzoeze mdomo wangu kusema sijui.

Chang'ombe, kwa mwalimu wa historia

Niliambiwa Chang'ombe kuna mwalimu, Mkristo kutoka bara, anayeandika asili za makabila yote kwenye madaftari. Watu wanakwenda kwake, wanakaa, wanasimulia, yeye anaandika. Nikasema huyo ndiye. Aliye na madaftari ya watu wote hawezi kukosa yangu.

Nilimngoja siku mbili. Siku ya kwanza alikuwa skuli, ya pili alikuwa kanisani kwa mazishi. Nilikaa kibarazani kwake na wazee wanne waliokuja nao kusubiri zamu. Walikuwa wamevaa kanzu za Ijumaa, kila mmoja anayarudia majina ya babu zake kimoyomoyo, midomo inakwenda. Mmoja aliwafikisha babu kumi na wawili, akarudi nyuma kwa sababu alimsahau wa nane. Mie nilikuwa na mama mmoja na kidevu.

Mbele ya nyumba alikaa muuza vitumbua, Mama Chausiku, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku zote mbili nilikula kwake. Vitumbua vyake vilikuwa vibichi katikati, nikamwambia. Akaniambia, "Bibi, ukivitaka vilivyoiva subiri vya kesho." Nikampenda.

Zamu yangu ikafika. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mwenye adabu, amefuta miwani yake kabla ya kunitazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtemi wenu alikuwa nani?"

"Sijui."

"Ukoo wenu?"

"Sijui."

"Mwiko wenu? Mnyama msiyemla?"

"Nguruwe."

Akaweka kalamu chini. "Huo ni wa dini, mama. Nauliza wa ukoo."

Nikamwambia habari ya kamba, na Zafarani, na kidevu. Kisha nikamwambia habari ya mashimo. Nilimweleza kwa mikono, nikachora sakafuni kwa kidole, nyasi hivi, udongo hivi, mbegu hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma, "Mama, hicho ni kilimo. Mie nakusanya historia."

"Na historia ni nini?"

"Ni habari za wazee. Walitoka wapi, wakapigana na nani, nani akatawala."

"Mama yangu alilima. Hakutawala mtu."

Akachukua kalamu, akaandika neno moja, akaligeuza daftari nione. Kaandika *Mswahili*. "Tunawaandika hivi wote wasiojua," akasema.

"Futa."

"Si tusi, mama. Wengi wanalipenda."

"Si tusi. Lakini mie sikuja hapa kutiwa kwenye kapu la wasiojua. Hilo nilikuwa nalo nyumbani. Futa."

Akafuta. Namshukuru kwa hilo, alifuta vizuri, akapuliza na vumbi la raba. Nikatoka. Wazee waliobaki wakanitazama kama mtoto aliyerudishwa kutoka chuoni kwa kukosa aya.

Mama Chausiku alikuwa ananingoja. "Umempa babu wangapi?"

"Nimempa mashimo," nikamwambia, na kwa sababu nilikuwa na hasira nikamweleza yote upya, nikachora tena, sasa kwenye mchanga karibu na jiko lake.

Akasimama. Kitumbua kikaungua. "Bibi, mbona haya nimeyaona?"

"Umeyaona wapi?"

"Ubungo! Kule kwa dada yangu, kilimani juu ya bonde la mto, karibu na kambi ya wapasua kokoto. Tulipita tukasema huyu mtu ana paka wangapi wamemfia, makaburi yote haya!"

Nilimshika mkono mpaka akasema namuumiza. Ninaandika haya nikiwa najua mtasema bahati. Semeni. Mie niliuliza swali moja kwa mtu mwenye miwani nikakosa, nikauliza lile lile kwa mtu mwenye macho nikapata.

Kinondoni, harusini

Kutoka Chang'ombe kwenda Ubungo si mbali sana kama Msimbazi umelala. Ulikuwa umeamka. Maji yalikuwa yamejaza bonde zima, na nikaona mlango mzima wa nyumba unapita, na kuku juu yake. Nikaambiwa nizunguke kwa daraja la pwani, nitokee Kinondoni, nishike njia ya bara kutoka huko. Mzunguko ule ulinila siku nzima, na goti langu la kushoto likavimba.

Kinondoni nilifika mvua inapiga tena. Nikasimama chini ya upenu wa nyumba moja ya makuti, nimeshika furushi langu la nguo. Mlango ukafunguliwa, msichana akanitazama, akapiga kelele ndani, "Kafika! Kafika!" Nikavutwa ndani na mikono sita.

"Shikamoo bibi! Tulikwisha kata tamaa!"

"Masikini, kalowa! Mleteeni kanga kavu!"

"Bibi kala?"

Bibi hakuwa amekula. Waliniletea pilau, sahani ya nyama ya mbuzi kwa nazi, na kachumbari ya ndimu. Nyie mnanijua. Sikuuliza. Mtu aliyetembea siku nzima na goti limevimba, akaletewa pilau, hana haja ya kumhoji pilau. Nilikuwa katikati ya sahani ya pili mama wa nyumba aliponiinamia sikioni. "Mwari yuko chumbani. Anaogopa sana. Utaanza naye sasa hivi au baada ya isha?"

Ndipo nikaelewa kuwa wananidhania kungwi, somo wa kumfunda bi harusi, waliyemwita kutoka upande wa pili wa mto. Nikamwambia ukweli. Shangazi mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, nami nikacheka, kisha nikamaliza sahani kwa kuwa ilikwisha kuguswa.

Kungwi mwenyewe aliingia muda si mrefu, amelowa kuliko mie. Nikasogezwa pembeni ukutani, si kwa ubaya. Wakaanza nyimbo za kumfunda mwari. Mmoja anaanza, thelathini wanapokea. Vikongwe kwa watoto walijua kila neno, wanajua nani aitikie na nani anyamaze, nani asimame mbele kwa sababu bibi yake alisimama mbele. Sikuwa na mahali pa kuingilia. Nilipiga makofi. Nikamfikiria Mwantumu, tulivyokuwa tukienda harusini pamoja na kupiga makofi pamoja, mie na yeye, na hatukuwahi hata siku moja kuambiana kwamba sie wawili hatujui wimbo. Peke yangu makofi yale niliyasikia. Yalikuwa na mlio wa mtu anayejipiga mwenyewe.

Nilikaa pale siku tatu kwa ajili ya goti. Walinikanda kwa mafuta ya nazi na chumvi, na mwari akanibusu mkono nilipoaga.

Ubungo

Niliyaona kabla ya kumwona mtu. Ubavu mzima wa kilima, mashimo, safu kwa safu. Maji ya mvua yamekaa ndani yametulia, hayajabeba hata konzi ya udongo, na mashamba ya jirani yote yamechanwa na mifereji. Juu ya kingo maharage yameota. Nikakaa chini kwenye tope na kanga yangu safi.

"Bibi, umeanguka?"

Mwanamke kijana alikuwa juu yangu, mtoto mgongoni, jembe mkononi.

"Sijaanguka. Haya kayachimba nani?"

Akashika jembe kwa mikono miwili. "Mie. Nilidhani eneo halina mwenyewe, bibi. Naomba nivune tu, kisha nitaondoka."

Alinidhania mwenye shamba. Mbele yake kulikuwa na mraba mmoja, nyasi zimelazwa, bado hazijafukiwa. Nikamnyang'anya jembe. Akapiga kelele, akidhani naharibu. Nikaingia katikati ya mraba, nikachimba, nikatupa udongo juu ya nyasi kulia, kushoto, juu, chini, nikagonga kingo kwa kisigino kama mama alivyokuwa akigonga. Kelele zikaisha.

"Nani kakufundisha?" akauliza.

"Mama."

"Mama yako Mmatengo?"

Hilo ndilo neno. Nimeishi mpaka nimekuwa na vitukuu tumboni kwa watu, na neno hilo nililisikia mara ya kwanza nimesimama ndani ya shimo.

"Sijui," nikamwambia. "Ndilo lililonileta."

Jina lake Agata. Mumewe anapasua kokoto za barabara kwenye kambi ile. Akaniambia kwao ni milimani, mbali kupita Songea, karibu na ziwa la Nyasa, na huko hakuna anayelima namna nyingine. Mwanamume hulaza nyasi, mwanamke hufukia. "Hapa nafanya yote mwenyewe," akasema. "Mume wangu harudi mpaka jua limekwisha." Basi akalaza, nikafukia. Tulifanya safu nzima bila neno. Hakuniambia hapa wala pale. Mkono wake ukiondoka, wangu unaingia. Nililia kidogo, lakini nilikuwa nimeinama, na mvua ilikuwepo.

Mchana akanipikia ugali na maharage. Yeye Mkristo, ana msalaba shingoni, alinioshea sufuria mara mbili mbele ya macho yangu nisiwe na wasiwasi. Tulikuwa tunakula pale kwenye kibanda chake mlango ulipojaa mwanamke mrefu, amejitanda kanga, mkono kiunoni.

"Agata! Hiki kikongwe cha pangoni umekifukua wapi?"

Nikatazama nyuma yangu. Hakukuwa na mwingine.

"Tazama kinavyokula!" akaendelea. "Kama kimeona maharage leo! Babu zangu waliwafukuza mkaingia mapangoni na kuku wenu, kumbe mmoja alibaki!"

Mie, dada mkubwa wa Mwantumu, ambaye hakuna mtu Chamazi nzima aliyewahi kunitukana akamaliza sentensi! Nilinyanyuka na mwiko. Ulikuwa na ugali bado. Nilimlenga usoni.

"Bibi, kaa!" Agata anacheka mpaka mtoto mgongoni anatikisika. "Kaa, bibi! Huyu Zaituni, Mngoni! Mtani wetu!"

Nikabaki mwiko juu. Safari yote ile, siku tisa, namtafuta mtani, na alipokuja nilitaka kumpasua kichwa. Ningelijuaje? Hajawahi kuniita kikongwe mtu mwenye haki ya kuniita.

"Mjibu," Agata akaninong'oneza. "Ukinyamaza unashindwa."

Nikamjibu. "Nyie mlikuja na ngao hamna jembe. Mkala mahindi yetu mpaka leo hamjajua yanaotaje."

Zaituni akapiga makofi kwa furaha. "Ana meno! Hebu nisogee!" Akakaa, akatia mkono kwenye sahani yangu bila kukaribishwa. "Mahindi tulikula, ndiyo. Na tuliowakamata tukawauza pwani kwa kaniki, tena kaniki mbovu, inachuja rangi!"

Agata aliacha kucheka. Mie niliweka tonge chini.

"Mama yangu," nikasema, "alikuja pwani kwa kamba."

Nilisikia nyundo za kokoto kule kambini, moja moja. Zaituni alinitazama muda mrefu. Nilidhani ataomba radhi na kuondoka, na kama angefanya hivyo ningekuwa nimerudi pale pale nilipokuwa. Hakuomba radhi. Aliuondoa mkono wake kwenye sahani, akausafisha kwenye kanga yake, akauweka juu ya goti langu lililovimba.

"Basi mie ndiye niliyemuuza," akasema. "Nimekula kaniki ya mama yako. Nakulipa nini?"

"Nilipe kwa kumcheka mdogo wangu."

Nikamweleza. Nikamwomba aje Chamazi siku ya arobaini. Akatikisa kichwa. Kambi ya kokoto ilikuwa inahamishwa Alhamisi ile kusogea mbele kwenye njia ya Morogoro, na wao wote na sufuria zao. Agata naye alikuwa anayaacha maharage yake. Zaituni akasema, "Basi nipe huyo marehemu hapa hapa. Alikuwaje? Usimsifu. Sifa sizitaki."

Nikatafuta. Ni vigumu, jamani, kumsema ndugu yako aliyekufa. "Alikuwa anatia chumvi mara mbili," nikasema. "Ukimkataza anasema chungu ndicho kilichoimeza."

"Mwendo?"

"Anaegemea kushoto. Kama mtu anayesikiliza mlangoni."

"Na akicheka?"

"Anacheka kabla hajafika kwenye kichekesho. Hadithi zake zote sijui mwisho."

Zaituni alinivua kanga yangu ya juu bila kuniomba. Akajitanda, akatoka nje, akaingia tena ameegemea kushoto. Sijui alipata wapi. Mwantumu ndiye aliyeingia. Akasogea chunguni, akatia chumvi, akatazama huku na huku, akatia tena. Akanigeukia. "Dada, nimekwambia ya yule mwanamume na mbuzi?" Akaanza kucheka. "Basi mwanamume… na mbuzi… mbuzi akasema…" akaanguka mlangoni kwa kicheko, hadithi haikuisha.

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Halafu kikaja kile kilio. Nilikuwa nimekaa nacho tangu Jumatatu ile, kikubwa, kimekwama mahali nisipopafikia. Kilitoka chote ndani ya kibanda cha watu nisiowajua siku iliyotangulia, na Mkristo kanishika bega hili na Mngoni bega lile.

Kurudi

Alhamisi niliwasindikiza mpaka barabarani. Lori la kokoto liliwachukua. Zaituni alinipigia kelele kutoka juu, neno ambalo siwezi kuliandika, na nikamrudishia. Kisha likapiga kona, nikabaki na jina la kabila langu mdomoni, na hakuna wa kumwambia kwa maili zote zile.

Nilirudi polepole. Maji yalikuwa yamepungua, sikuhitaji kuzunguka. Watu niliolala kwao walinikaribisha vizuri. Nilisema kila mahali, "Mie Mmatengo," wakasema, "Aa, vizuri," wakaendelea na shughuli zao. Hawana kosa. Wajukuu nimewaambia, wakasema, "Sawa, bibi." Mkubwa wa wale wawili wa skuli akaandika kwenye daftari lake. Arobaini mliiona wenyewe. Dua ilisomwa, wali ulipikwa, na hakuna aliyeingia ameegemea kushoto. Mtu akijua kwao halafu kwao kuko mbali, upweke wake haupungui, unapata anwani tu. Shamba nimelima nusu. Kulaza naweza, kufukia naweza, lakini mpaka nimalize kimoja nigeukie cha pili, nyasi zimekwisha peperuka.

Kwa hiyo nawaachia kazi moja, na ndiyo sababu hasa nimekubali kuandika. Siku yangu ikifika msikae mkatazama mikeka. Tumeni mtu Temeke, tumeni Chang'ombe, tumeni kambi yoyote ya vibarua, mtafuteni Mngoni. Awe mwanamke awe mwanamume, awe mlevi, sichagui. Mwambieni kuna Mmatengo amekufa. Mwambieni nilikuwa nakoroma na asubuhi nakana, naficha sukari chini ya kitanda wajukuu wasiione, nagombana na muadhini kuwa kachelewa, na sijamwomba mtu msamaha tangu enzi za Mjerumani. Asinisifu. Na mmewaona watani wengine wanavyojitumbukiza kaburini wakalala chali, wakakataa kutoka: huyo wangu akishuka, msiharakishe kumvuta. Mwacheni alale pale kidogo, apashe moto udongo, nisiwe wa kwanza kuingia.